Fundi Silaha na Pini Iliyoganda

Watu wanapenda kusema kwamba bunduki haina akili, ni chuma tu. Wanaosema hivyo hawajawahi kukaa nazo chumba kimoja kwa miaka thelathini na mmoja. Fundi alikuwa amekaa nazo, na alizijua tabia zao moja moja, kama mwalimu anavyowajua watukutu wa darasa lake.

Namba kumi na mbili ilikuwa na uchoyo. Ikishapata joto haikutaka kutema ganda, na risasi ya pili ilikuja kugonga kisogo cha ganda la kwanza, zikakwama zote mbili mlangoni. Ishirini na saba ilitema kupita kiasi, kiasi kwamba mlinzi mmoja wa mkono wa kushoto alirudi kila mara kutoka mazoezini na alama nyekundu ya kuungua kwenye paji la uso. Namba saba ndiyo iliyokuwa na laana. Bunduki zile zilitengenezwa kupiga risasi moja kila unapovuta kifyatulio, zikajipakia nyingine zenyewe na kusubiri. Saba meno yake ya ndani yalikuwa yamelika, na ukiivuta kwa ulegevu ilitoa mbili. Kamanda mmoja wa zamani aliwahi kusema hiyo si kasoro, ni nyongeza. Fundi hakucheka. Aliifungia kabatini, akaweka ufunguo mfukoni, na ndivyo alivyokuwa: katika mambo ya kazi hakuwa na utani na mtu.

Kikosi chenyewe kilikuwa cha walinzi wa maghala na reli, watu sitini na ushei, wanaume na wanawake. Ghala la silaha lilikuwa chumba cha zege chenye mlango wa chuma na dirisha la nondo ambapo walinzi walipokea bunduki asubuhi na kuzirudisha jioni. Ndani kulikuwa na meza ndefu yenye jiliwa la kubania vyuma, taa inayoning'inia kwa waya, ndoo ya mafuta ya taa, na matambara. Ukutani Fundi alikuwa ameandika amri tatu kwa rangi nyekundu. Mdomo wa bunduki usimwangalie mtu. Pakia ukielekea pipa la mchanga. Silaha iliyopiga isilale chafu. Ile ya tatu ilikuwa yake mwenyewe kabisa, haikutoka kitabuni. Baruti ikilala ndani ya mtutu inakula chuma, na Fundi alichukia kutu kuliko alivyowachukia baadhi ya makamanda.

Harufu ya mafuta ya bunduki ilikuwa imemwingia mpaka kwenye mifupa. "Nikitangulia mimi," mkewe alizoea kumwambia, "oa tu, sitakukataza. Ila tafuta mwanamke mwenye mafua ya kudumu."

Kulikuwa na tabia moja ambayo bunduki zote za aina ile zilikuwa nayo, na hiyo ndiyo iliyomkosesha Fundi usingizi kuliko uchoyo wa kumi na mbili au laana ya saba. Ndani ya bolti, kile chuma kinachorudi nyuma na kusonga mbele kuingiza risasi, kuna pini ndogo. Kazi ya pini ni kugonga kitako cha risasi ili ilipuke. Katika bunduki nyingine pini inazuiwa na springi. Katika hizi, aliyezibuni hakuweka springi. Aliiacha pini ielee kwenye tundu lake, ikienda mbele na nyuma inavyotaka, akiamini kwamba tundu litakuwa safi siku zote. Tundu likiingia uchafu au grisi nzito, pini inaganda ikiwa imechomoza. Hapo mlinzi akivuta bolti na kuiachia ili apakie tu, bolti ikifunga, pini inagonga, na bunduki inalia bila kidole cha mtu kukaribia kifyatulio.

Dawa yake ilikuwa rahisi. Unaitoa bolti, unaiweka karibu na sikio, unaitikisa. Pini ikiwa huru inalia ting, ting, ting. Ikinyamaza, kuna ugonjwa. Walinzi wote walizoea kumwona Fundi nyuma ya nondo zake akitikisa bolti sikioni, amefumba jicho moja, na waliomheshimu walisubiri bila kumsemesha.

Sasa, masikio ya Fundi yalikuwa yameanza kuondoka polepole, kama wageni wasiotaka kuaga. Kila bunduki aliyoitengeneza aliijaribu shimoni nyuma ya ghala, na miaka ya kwanza hapakuwa na vifuniko vya masikio. Vilipokuja, Fundi alivitundika msumarini, akasema hivyo ni vya watu wa ofisini. Kwanza kikaja kifilimbi cha mbali ambacho hakikukoma. Kisha sauti nyembamba zikapotea, vicheko vya wajukuu, maji yanayochemka, simu. Miaka minne kabla ya hapa tunapofika, sikio la kulia lilikuwa limekufa kabisa na la kushoto lilisikia ukilisogelea na kupaza sauti. Hakumwambia mtu. Dirishani alisoma midomo. Wengine walipocheka naye alicheka, akichelewa kidogo. Mkewe ndiye aliyejua, na ndiye aliyemfichia, akijibu watu kabla hawajamaliza kumuuliza. Lakini kuhusu bolti mkewe hakujua chochote, na hapo ndipo penye kosa lenyewe. Fundi aliendelea kuzitikisa sikioni kila siku, amefumba jicho lilelile, na hakusikia kitu. Alikuwa anajidanganya kwamba vidole vinatosha.

Mwaka mmoja kabla ya kustaafu kwake yaliletwa makasha manne ya bunduki, jumla arobaini, za aina ileile, zilizokuwa zimehifadhiwa mahali kwa miaka mingi zikiwa zimepakwa grisi ya kuhifadhia chuma, nzito na ya rangi ya kahawia, na bunduki hizo zilipewa namba za zile za zamani zilizochakaa. Bunduki ya namna hiyo haifutwi kwa tambara ukamaliza. Bolti inafunguliwa yote, inalazwa kwenye mafuta ya taa siku nzima, tundu la pini linasuguliwa kwa brashi, halafu inarudiwa. Kamanda alimpa siku tatu, kwa sababu Jumatatu mkubwa fulani alikuwa anakuja kukagua gwaride.

"Siku tatu hazitoshi, afande," Fundi alisema.

"Fundi mkongwe kama wewe?" Kamanda akamjibu, na Fundi, ambaye sifa zilikuwa zikimlewesha upesi, akainama juu ya ndoo yake.

Alifanya alichoweza. Alipofika kwenye pini aliisukuma kwa ukucha, ikasogea, akaitikisa bolti sikioni, akaipitisha. Pini ya namba kumi na tisa ilisogea pia, ila kwa uvivu kidogo. Ilikuwa mchana wa jua kali na meza ilikuwa ya moto, na grisi kwenye joto hulainika. Mtu mwenye masikio angesikia kwamba bolti ile haisemi. Fundi aliifunga, akaandika namba kwenye fomu, akatia sahihi.

Wiki saba zikapita salama, mpaka kipupwe kilipoingia.

Katika kikosi kulikuwa na mlinzi mwanamke aliyeitwa Mama Pacha, kwa sababu ambayo haihitaji maelezo. Mmoja wa pacha wake alikuwa na kifua kibaya, na wiki hiyo mama mtu alichelewa kazini mara tatu akitokea hospitali. Kulikuwa pia na mlinzi aliyeitwa Gazeti, kwa sababu habari hazikulala kwake. Gazeti akazipeleka hizo kuchelewa mara tatu kwa Kamanda, na Mama Pacha akakemewa mbele ya safu nzima. Jioni ya Alhamisi, wakirudisha silaha, Mama Pacha alimgeukia Gazeti akamwambia watu wote wakisikia, "Wewe, siku moja utanitambua."

Watu wakacheka. Ni maneno ambayo kila mmoja wetu amewahi kumwambia shemeji yake, au jirani, au fundi cherehani aliyemharibia nguo. Hayana uzito wowote mpaka mtu afe.

Ijumaa asubuhi baridi ilikuwa ya kukata masikio. Mama Pacha alipokea namba kumi na tisa dirishani, akaenda kwenye pipa la mchanga, akasimama inavyotakiwa, akavuta bolti nyuma. Gazeti alikuwa amesimama kushoto, hatua nne hivi. Akamsemesha. Baadaye alijitokeza shahidi aliyesema kwamba Gazeti alikuwa anamuuliza hali ya mtoto, na pengine ni kweli, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa na mdomo tu. Mama Pacha akageuka ili amjibu, na bunduki ikageuka naye, na mkono wake ukaiachia bolti. Bolti ikafunga. Bunduki ikalia. Gazeti alipigwa kifuani, na alikata roho kabla lori halijawashwa.

"Sikugusa," Mama Pacha alisema, amesimama palepale, kidole chake bado kimenyooka nje ya kifyatulio. "Sikugusa, jamani." Maneno hayo hakuyabadilisha tangu siku ile.

Fundi aliuhisi mlio kwenye meza kabla ya kuusikia. Alipoinua uso aliona watu wanakimbia, na mara Sajenti akatokea dirishani, uso umempauka, akaisukuma bunduki kati ya nondo, akasema kitu. Fundi hakukisikia. Aliona bunduki iliyopiga, basi, na mikono yake ikafanya ilichofanya kwa miaka thelathini na mmoja. Ikatoa magazini. Ikatoa ganda lililokuwa limekwama mlangoni na kuizuia risasi ya pili. Ikavua bolti, ikaifungua, ikachukua brashi. Pini ilikataa kutoka. Akaigonga kidogo kwa nyundo ya shaba, ikatoka ikiwa na donge la grisi gumu, rangi ya kahawia, lililoshika ncha yake kama nta. Akalifuta kwa tambara. Akasugua tundu, akalichovya tambara ndani ya ndoo ya mafuta ya taa, akalikamua. Silaha iliyopiga isilale chafu.

Ni baada ya kuirudisha pini tunduni, safi, inateleza, ndipo akili yake ilipofika pale mikono ilipokuwa imeshapita. Akatazama ndoo. Mafuta yalikuwa meusi, na donge halikuwamo tena. Alikaa chini juu ya kasha, na Sajenti aliporudi saa nzima baadaye alimkuta hapohapo.

Wapelelezi walifika saa sita mchana. Waliichukua namba kumi na tisa ikiwa inang'aa. Kamanda akaleta karatasi yenye swali moja: je, silaha hii ina kasoro yoyote? Fundi aliishika kalamu kwa muda mrefu. Aliwaza fomu ya bunduki arobaini yenye sahihi yake. Aliwaza jela. Aliwaza pia, na hili ndilo lililomuaibisha zaidi baadaye, jinsi watu watakavyosema kiziwi alikuwa anakagua bunduki kwa sikio. Akaandika, "Haina." Na kweli saa ile haikuwa nayo, alikuwa ameitoa kwa mikono yake mwenyewe.

Mama Pacha akashitakiwa kwa mauaji.

Nyumbani Fundi aliacha kula vizuri. Mkewe alimwacha wiki ya kwanza, akamwacha ya pili, ya tatu akaweka sahani mezani, akavuta kiti upande wa sikio la kushoto, akasema kwa sauti iliyowafikia majirani, "Nieleze au nikuitie daktari wa mifugo akutazame, maana binadamu hanyamazi hivi."

Akamweleza yote. Mkewe alisikiliza akiwa amekunja mikono. Alipomaliza, yule mama hakuwa na utani tena.

"Yaani mimi nilikuwa nakufichia usionekane mzee," alisema. "Kumbe nilikuwa nakufichia hili."

"Nitafungwa, mke wangu."

"Na yeye?"

Siku mbili baadaye ni mkewe aliyemvalisha shati, akampeleka mahabusu alikowekwa Mama Pacha.

Getini kulikuwa na meza na daftari kubwa. Mgeni anaandika jina, anayemtembelea, uhusiano, saa. Fundi alisita kwenye uhusiano, na mkewe akamwambia aandike mfanyakazi mwenzake. Chumba cha wageni kilikuwa kirefu na cheupe, na wavu wa chuma uliokigawa katikati. Mama Pacha akaletwa. Alikuwa amepungua mpaka shingo yake ilionekana ndefu.

"Shikamoo, Fundi."

Fundi alimtazama tu. Mkewe akamgusa kiwiko. "Anakuamkia."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba."

"Nashukuru umekuja," Mama Pacha akasema. "Wote wananiuliza kwa nini nilimpiga. Hakuna anayeniuliza bunduki ilikuwaje."

Kupitia wavu midomo haisomeki vizuri. Fundi alikunja uso, na mkewe ikabidi ainame ayarudie maneno yote sikioni mwake, kwa nguvu, neno kwa neno. Mama Pacha aliwatazama, mmoja kisha mwingine.

"Mama, kwani Fundi hasikii?"

Mke wa Fundi alianza kufungua mkoba wake, akaufunga. "Anasikia ukimkaribia."

"Tangu lini?"

"Kitambo."

"Kitambo gani, mama?"

"Miaka minne."

Mama Pacha alikuwa amesimama kwenye lile dirisha la nondo kila siku ya kazi kwa miaka sita. Aliinua mkono wake mtupu hadi kwenye sikio lake, akautikisa polepole, macho yake yamemkazia Fundi. Swali hilo halikuhitaji kurudiwa na mtu. Fundi akainamisha kichwa. Akaanza kusema, na kwa kuwa hakuisikia sauti yake mwenyewe alisema kwa kelele, hata mlinzi wa magereza aliyekuwa mlangoni akageuka. Alisema juu ya grisi, juu ya siku tatu, juu ya pini iliyosogea kwa uvivu, juu ya donge alilolifuta, juu ya karatasi aliyoiandika.

Mama Pacha alishika wavu kwa vidole. Machozi yalimtoka, lakini hakuwa na hasira, bado. "Mwezi mzima," alisema, na mke wa Fundi akayapeleka maneno sikioni, "mwezi mzima nalala najiuliza kama kidole changu kilifanya jambo ambalo mimi mwenyewe silijui."

Kisha akauliza, "Utasema?"

"Nitasema."

Hakumshukuru. Amshukuru kwa lipi?

Mahakamani Fundi alivaa sare yake na nishani mbili. Alikuwa amepiga moyo konde, na kusema kweli alisema vizuri. Aliwaeleza kuhusu pini isiyo na springi. Aliwaeleza jinsi grisi inavyolainika mchana na kuganda asubuhi ya baridi. Alisema, "Mimi ni kiziwi, mheshimiwa jaji, nilikuwa napitisha silaha ambazo sikuzisikia, na huyu mama hana hatia ya kuua." Alihisi mzigo wa miezi yote ile ukimtoka mabegani. Kwa muda wa dakika tano, labda sita, Fundi alikuwa mtu mwenye amani.

Halafu wakili wa serikali akasimama. Alikuwa kijana mpole, na upole wake ndio uliomaliza kazi. Alipanda mpaka karibu na sikio la kushoto, akauliza kwa sauti ya heshima.

"Mzee, sahihi hii ni yako? Hapa umeandika silaha haina kasoro."

"Ni yangu. Niliogopa."

"Hilo donge la grisi liko wapi?"

"Nililisafisha."

"Tambara?"

"Nilikamua ndani ya ndoo."

"Mtu mwingine aliyeliona?"

"Hakuna."

Wakili akamwita mtaalamu wa silaha. Mtaalamu aliiweka namba kumi na tisa mezani, akaipakia risasi zisizo na baruti ila zenye kitako kizima, akaivuta bolti na kuiachia mara thelathini. Haikugonga hata moja. Bunduki ilitulia kama kondoo. Ukumbi ulikuwa umejaa watu na joto, na Fundi alitamani kupiga kelele kwamba bunduki imesafishwa, imesafishwa na yeye, tena ameisafisha vizuri kuliko zote maishani mwake. Lakini hilo alikuwa ameshalisema.

"Umesema hukusikia pini kwa miaka minne," wakili akaendelea. "Bunduki mia moja na kitu zimepita mikononi mwako miaka hiyo minne. Ngapi zilijipiga zenyewe?"

"Moja."

"Hii tu."

"Hii tu."

Mwishoni wakili alifungua daftari kubwa lililotoka mahabusu. Akamwonyesha Fundi mstari wenye jina lake, jina la Mama Pacha, tarehe, saa. Akauliza kama ni kweli alikwenda kumwona mshitakiwa, wakazungumza kwa dakika arobaini, na kwamba kabla ya siku hiyo hakuna mtu yeyote duniani, si polisi, si Kamanda, si mshitakiwa mwenyewe, aliyekuwa amewahi kutaja habari ya pini. Fundi alisema ni kweli.

Kamanda, alipoitwa, alisema Fundi ni mtu wa huruma sana, anayewaona vijana wa kikosi kama watoto wake. Siku tatu za grisi hakuzikumbuka.

Jaji alisoma hukumu kwa saa moja na nusu. Alisema ushahidi wa mzee umetoka moyoni lakini umepikwa, na kwamba mahakama inamwonea huruma kwa umri na ulemavu wake. Alitaja maneno ya Alhamisi jioni, utanitambua, akayasoma mara mbili. Mama Pacha alipata miaka ishirini na mitano. Mama yake alikuwa benchi la nyuma na wale pacha, na alipoinuka kutoka nje aliwasahau, akarudi kuwachukua.

Wiki iliyofuata Fundi alikwenda kituo cha polisi, peke yake, akasema amekuja kujisalimisha. Askari wa kaunta alimwita mkubwa wake, na mkubwa akampa kiti, akaja upande wa sikio linalosikia.

"Mzee, mahakama imeshasema bunduki ilikuwa nzima. Sasa nikufungulie kesi gani? Kesi ya kuharibu bunduki nzima?"

"Niandike tu nilichosema."

"Nenda nyumbani upumzike, baba."

Walimstaafisha miezi minane kabla ya wakati wake, kwa sababu za kiafya, na kwa heshima zote. Kulikuwa na cheti kilichosema utumishi uliotukuka. Kamanda alimkabidhi mbele ya safu, na walinzi walipiga makofi ambayo Fundi aliyaona kwa macho. Mkewe alikiweka cheti chini ya godoro, kifudifudi, na hakuna aliyekiulizia tena.

Ilipopita miezi mitatu walikwenda gerezani, yeye na mkewe, kwa mabasi mawili na mwendo wa miguu. Fundi alikuwa hajui atasema nini. Alitaka tu amwone, na kama atatukanwa, atukanwe usoni. Getini aliandika jina lake kwenye daftari, akaandika la Mama Pacha, uhusiano, saa, akatia sahihi. Wakakaa kwenye foleni ya wageni, watu ishirini hivi, wenye vifurushi vya sabuni.

Askari magereza, mwanamke wa makamo, alitoka akaita jina la Fundi. Akasema alichosema. Fundi akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Nini?"

Askari alirudia. Fundi akamgeukia mkewe, na mkewe hakutaka. Alitazama sakafu. Akamwambia waende tu, atamweleza njiani.

"Nieleze hapa."

Basi mkewe akasogeza mdomo kwenye sikio la kushoto, akasema kwa nguvu ile aliyoizoea, na foleni nzima ikasikia. "Amesema usije tena. Amekata rufaa. Wakili wake anasema kila jina lako linapoonekana humu, wanasema mnapanga maneno. Anasema kama una huruma naye, usimjue."

Watu wa foleni walitazama pembeni. Fundi aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Kisha akarudi getini kwenye ile meza, akamwonyesha askari mstari aliouandika robo saa iliyopita, wino wake bado mbichi, akaomba ufutwe.

"Daftari la serikali halifutwi, mzee," askari akasema.

Fundi hakusikia, akabaki amesimama na kidole chake juu ya jina, akisubiri jibu.